Hadi Mwenyewe Arudi

Miaka ya tisini nilifanya kazi Shinyanga mjini, kwenye mradi mmoja wa kuhifadhi ardhi ambao ulishakufa na jina lake siutaji. Kazi yangu ilikuwa kuiambia kompyuta mambo mawili: kitu kimeanza lini, na kitakwisha lini. Basi. Ndugu zangu walidhani napiga chapa barua za wakubwa, na sikujisumbua kuwaeleza, kwa sababu kila nilipojaribu waliniuliza kama mashine hiyo inaweza kumtafutia mtu kazi.

Kompyuta ilikuwa moja, imefungiwa chumbani kama mwali. Mapazia mazito, kifuniko cha nailoni, na chini ya meza stabilaiza ya kutuliza umeme iliyonguruma kutwa nzima. Viatu vilivuliwa mlangoni. Mkuu wetu ndiye aliyeweka sheria hiyo, akisema vumbi ni adui wa mashine, na kwa vumbi la Shinyanga la kiangazi sikuwa na la kubisha, ila nilishamfuma yeye mwenyewe kaingia humo na sahani ya mihogo ya kukaanga. Mimi nilikuwa mkali kwenye chumba kile. Madereva waliniita Bi Mkubwa wa Mashine, tena kwa sauti ili nisikie, nami nilikuwa naitika.

Tulichokuwa tunaandika ni ngitili. Kwa asiyetoka kwetu, ngitili ni eneo la majani na miti ambalo mwenye mji analifunga mvua zinapoanza. Halina ukuta wala uzio. Linafungwa kwa maneno, na maneno yanatosha. Ng'ombe hawaingii humo mpaka kiangazi kikolee na malisho ya kwingine kote yaishe, ndipo mwenyewe anafungua, kipande kwa kipande. Na kanuni yake ni kwamba aliyefunga ndiye anayefungua. Si mke, si mtoto, si mwenyekiti wa kijiji. Akifa, watu wanakaa matanga, wananyoa nywele, wanamsimika mrithi, na mrithi ndiye anayefungua. Atakayeingiza ng'ombe kabla ya hapo anaitwa mbele ya dagashida, yaani mkutano wa kijiji kizima wenye kuhukumu, na sungusungu wanaolinda kijiji watamfuata hata kama ni mjomba wao.

Mradi ulitaka ngitili zote ziingie kwenye kompyuta, ili kila msimu tutoe orodha: hizi zimefungwa, hizi zimefunguliwa. Orodha inapelekwa kijijini, inasomwa mkutanoni, walinzi wanajua la kulinda, ugomvi unapungua. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nalisema hilo kwa sababu siku hizi kila mtu anapenda kuyacheka ya zamani.

Programu ilikuwa imeandikwa na kijana wa Kihindi, mtoto wa duka la vitambaa karibu na soko. Kazaliwa hapo hapo, baba yake kazaliwa hapo hapo, na Kisukuma cha kupatania bei alikijua kuliko mimi, ambaye mama yangu ni Msumbwa na nyumbani kwetu Kahama tulisema Kiswahili. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kumsaidia baba yake dukani, na kwetu alikuja tulipomwita. Sisi tulimwita fundi. Alikuwa mpole, na upole wake uliniudhi, kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu anayekuambia “sawa, dada” kabla hujamaliza kusema.

Kwenye skrini palikuwa na visanduku viwili kwa kila ngitili. Kimoja kimeandikwa KUANZIA, kingine HADI. Vyote viwili vilitaka siku, mwezi na mwaka. Havikukubali kitu kingine. Ukiandika neno, mashine inalia kama panya aliyekanyagwa.

Sasa watu wa vijijini hawakuwa na siku, mwezi na mwaka. Mabwana shamba wetu walizunguka na pikipiki wakiuliza, na majibu waliyoniletea ni haya: hadi pamba iuzwe, hadi ng'ombe waanze kukonda, hadi tutakapoona inafaa. Hayo niliyaweza. Nilimkalisha bwana shamba, nikamuuliza pamba huuzwa mwezi gani huko kwao, nikaandika tarehe, mambo yakaenda. Lakini yalikuwapo mengine. Msitu wa matambiko, mahali wazee wanapoombea mvua, haufunguliwi kamwe. Matongo, yaani miji iliyohamwa, yenye makaburi ya ukoo, hayafunguliwi kamwe. Hapo kwenye HADI bwana shamba alikuwa ameandika: daima. Na kwenye KUANZIA ameandika: tangu enzi za babu wa babu. Hebu niambie, daima ni tarehe ngapi?

Mwanzoni niliacha wazi. Niliona kwamba kisicho na mwisho hakina cha kuandikwa mwisho, na mpaka leo naona nilikuwa na akili. Tukatoa orodha ya kwanza. Misitu yote ya matambiko haikuwamo. Nikamwita fundi, akaja, akavua viatu, akakaa, akapekua kidogo, akacheka peke yake. Kumbe kwa mashine ile tarehe tupu ni ndogo kuliko tarehe zote. Msitu ambao haujafunguliwa tangu dunia iumbwe, kwake ulikuwa umekwisha kabla haujaanza.

“Tuweke tarehe ya mbali, dada,” akasema.

“Mbali wapi?”

“Mbali sana. Tarehe thelathini na moja mwezi wa kumi na mbili, mwaka tisini na tisa. Mpaka ifike, programu hii itakuwa imeshatupwa jalalani na mimi nitakuwa na watoto.”

Mashine ilichukua tarakimu mbili tu za mwaka, na tisini na tisa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kwa upande wa mwanzo akaweka mosi Januari mwaka wa kwanza, nao ukatoka kwenye karatasi kama sifuri moja. Wiki chache baadaye mzee mmoja wa upande wa Maganzo alikuja ofisini kutugombeza. Alitaka kujua nani katuambia msitu wa ukoo wao umeanza mwaka elfu moja mia tisa na moja. Yaani Mjerumani ndiye aliyewapa? Tukamwomba radhi, tukamnunulia soda, akainywa akiwa bado amenuna. Mimi na fundi tulicheka siku nzima.

Katika makaratasi hayo ilikuwamo ngitili moja ya kijiji kisichokuwa mbali na Tinde. Kwenye HADI bwana shamba alikuwa ameandika: hadi mwenyewe arudi.

Nikamuuliza mwenyewe kaenda wapi. Akasema Rwamgasa, kwenye dhahabu. Miaka ile wanaume walikuwa wanamiminika Geita. Mtu anauza baiskeli yake, anafunga shuka na sururu, anasema narudi baada ya mavuno, na wengine walirudi kweli, tena na redio. Huyu alifunga ngitili yake asubuhi ya kuondoka, mbele ya mashahidi, akasema mtu asiiguse mpaka arudi. Atarudi lini? Bwana shamba akabetua mdomo.

Nikamwambia fundi hiyo si daima. Akaniambia anajua. Nikamwambia mtu aliyesema narudi hajasema milele, wala hajasema tarehe. Ametoa neno lake, na neno lake liko njiani. Fundi akafikiri. Hakuwa mtu wa kupuuza.

“Kweli, dada,” akasema. “Lakini mashine haiulizwi atarudi lini. Inaulizwa kitu kimoja tu: leo imefungwa au haijafungwa? Imefungwa. Kwa swali hilo, daima na haijulikani ni mamoja.”

Kwa swali hilo alikuwa sahihi. Nikaandika thelathini na moja, kumi na mbili, tisini na tisa, nikaendelea na kijiji kinachofuata.

Mwaka uliofuata mvua zikagoma. Zilinyesha kidogo mwezi wa kumi na moja, zikatuonjesha, zikaondoka. Kufikia kiangazi nchi ilikuwa nyeupe. Ng'ombe walikuwa wanaletwa mjini kuuzwa kwa bei ya mbuzi, na wengine walianguka barabarani kabla ya kufika. Ngitili zikafunguliwa mapema kila mahali, na kusema kweli mwaka ule ndipo watu walipoziheshimu, maana aliyekuwa na ngitili alikuwa na ng'ombe.

Mama mmoja alikuja asubuhi, mkuu wetu akiwa kwenye kikao na madereva wamekaa nje kwenye kivuli wakinichambua. Alikuwa mtu mzima wa umri wa mama yangu, kanga safi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, amevaa katambuga. Alizivua mlangoni bila kuambiwa. Alisimama hapo kizingitini akiiangalia mashine kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa tabibu anayemtafuta siku nyingi.

“Shikamoo mama,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta?”

“Ndiyo mimi.”

“Nimeambiwa mna tarehe ya mume wangu.”

Sikumwelewa. Nikampa kiti, nikampa maji. Akanywa maji yote, akanirudishia bilauri kwa mikono miwili, akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Orodha ya mradi ilisomwa kijijini kwao kwa mara ya kwanza. Kila mwenye ngitili akasomewa jina lake na tarehe yake. Lilipofika jina la mume wake, mwenyekiti wa sungusungu akasoma: imefungwa hadi tarehe thelathini na moja Desemba, tisini na tisa. Watu wakatazamana. Kila mtu pale alijua ngitili ile imefungwa hadi mwenyewe arudi, walikuwapo alipotamka. Sasa karatasi ya serikali inasema hadi tarehe hiyo. Basi ndiyo siku anayorudi. Ni hesabu rahisi, mtu yeyote angeipata.

“Wanasema mmemwona huko,” akasema. “Kama mnajua siku, mnajua na alipo. Niambie yuko wapi, mwanangu. Amefungwa? Kama ni jela, niambie tu. Nimeshafikiri kwamba ni jela. Wanaojua tarehe ya kutoka ni watu wa jela.”

Jamani. Nikasogeza kiti changu karibu na chake.

Nikamwambia ukweli. Hakuna aliyemwona. Hakuna anayejua alipo. Tarehe ile si ya kurudi. Ni namna ya mashine ya kusema haina mwisho, na misitu ya matambiko yote ina tarehe hiyo hiyo. Nikamwonyesha kwenye skrini, nikashusha, nikashusha, tisini na tisa, tisini na tisa, tisini na tisa. Akatazama mpaka nilipofika chini.

“Kwa hiyo haipo,” akasema.

“Haipo, mama.”

“Mimi nilifurahi,” akasema. “Nilifurahi kama mjinga. Nilisema ni mbali, lakini ni siku. Mtu anaweza kuhesabu kwenda kwenye siku.”

Halafu akacheka kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kunieleza yaliyomleta hasa, na hapo ndipo hasira zikanipanda.

Mume wake hakuwa mtu wa kupotea. Miezi ya mwanzo alituma salamu kwa wanaume waliorudi, akatuma sukari, akatuma kitambaa. Kisha kimya. Shemeji yake alikwenda Rwamgasa kumtafuta, akarudi mikono mitupu. Kule machimboni hakuna anayeitwa jina la kwao. Mtu akifika anapewa jina la utani, na hilo ndilo analoshuka nalo kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia. Shemeji aliuliza kwa jina la ukoo, watu wakamwangalia tu. Aliambiwa kuna duara liliporomoka mvua za mwaka uliotangulia. Waliofukiwa walikuwa nani? Wakamtajia majina ya utani. Hakujua kama nduguye ni mmojawapo au yuko duara la pili anakunywa uji. Mtoto ambaye mume huyo alimwacha mgongoni kwa mama yake sasa alikuwa anachunga ndama.

Ukame ulipoingia, yule mama alikwenda kwa wazee. Akawaambia: ng'ombe wanakufa, na majani ya mume wangu yamesimama mpaka kiunoni. Nifanyeje? Wazee wakakaa, wakaona hakuna njia ila moja. Wamhesabu amekufa, wamlilie, wanyoe, mtoto asimikwe mrithi akishikwa mkono na baba yake mdogo, ngitili ifunguliwe. Wakampa muda akafikirie. Si jambo dogo kumlilia mtu ambaye labda anakunywa uji. Alifikiri mpaka maksai mmoja akaanguka zizini asiinuke tena. Akarudi akawaambia nimekubali. Wakapanga siku. Wakaanza kutafuta unga wa wageni.

Wiki hiyo hiyo ndipo karatasi yetu ilipofika.

“Wakasema haiwezekani sasa,” akaniambia. “Utamliliaje mtu ambaye tarehe yake ya kurudi imesomwa mkutanoni? Ni kumlaani. Mwenyekiti akasema, liandikwalo ndilo liwalo. Na ngitili ikawa na walinzi wawili badala ya mmoja. Nilimwacha ndama aingie, ndama tu, mwanangu, hajui kusoma. Wakaniita kwenye dagashida, nikatoa mbuzi.”

“Na ng'ombe?”

“Wamebaki watatu. Jike mmoja ana mimba. Wakifa hao, mimi na watoto wangu tunarudi kwa kaka yangu kuomba mahali pa kulala, na kaka yangu mke wake unamjua alivyo.” Sikumjua, lakini nilielewa. “Kwa hiyo nimekuja unijibu moja. Yupo au hayupo? Kama yupo, nitangoja na ng'ombe wafe, basi, nitakuwa na mume. Kama hayupo, ifuteni hiyo siku yenu niende nikalie.”

Nikatoka nje pekupeku na ardhi inachoma. Nikamwambia dereva amlete fundi, tena sasa hivi, hata kama anapima kitambaa cha bibi harusi. Dereva akataka kuleta utani. Nilivyomtazama akawasha gari.

Fundi alikuja na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Nilimsomea yote bila kupumzika, kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia watu wa ofisi ya maji. Nikamwambia: swali lako lile la leo imefungwa au haijafungwa, hakuna mtu kijijini aliyeliuliza. Wao waliuliza atarudi lini, na wewe umewajibu. Hakujitetea. Alisimama mbele ya yule mama akamwamkia kwa Kisukuma, akamwambia, “Mayu, mama yangu, nisamehe. Nilichukua tarehe ambayo haina mtu, sikujua ina mtu.” Yule mama akamwambia akae, atachoka.

Akakaa. Akafanya kazi muda mrefu. Mimi nikapika chai kwenye jiko la umeme tuliloficha nyuma ya kabati. Alichofanya fundi kilikuwa kitu kidogo, na hata leo nikikutana na vijana wanaofanya kazi hizi huwaambia wasikidharau. Aliongeza kisanduku cha tatu, cha herufi moja. D maana yake daima. H maana yake haijulikani. Ukiweka mojawapo, mashine inahesabu ngitili imefungwa leo, kama zamani, lakini kwenye karatasi haitoi tarehe. Inatoa neno. Akabadilisha misitu ya matambiko yote ikawa D. Akafika kwa mume wa yule mama, akaweka H. Printa ikakwaruza, karatasi ikatoka, akaichana pembeni akampa kwa mikono miwili.

“Soma, mwanangu,” yule mama akaniambia. “Macho yangu hayaoni vidogo.”

“Imefungwa hadi: haijulikani.”

Akaitikia kwa kichwa, akaiweka mapajani, akainyoosha kwa kiganja.

“Hii ni kweli,” akasema. “Hamjadanganya hapa. Lakini haijulikani ninayo nyumbani. Nalala nayo, naamka nayo. Nikiwapelekea hii, wazee watasema, basi, tungoje ijulikane. Hawatanyoa kwa hii.”

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kikombe changu.

“Hapo kwenye mwisho,” yule mama akauliza, “anayesema ni nani?”

“Mwenye ngitili,” nikasema. “Yeye anasema, bwana shamba anaandika, mimi naingiza.”

“Mwenye ngitili hayupo. Aliniachia kungoja. Kungoja ni kwangu, si kwake. Mimi ndiye niliyengoja, na mimi ndiye ninayejua kungoja huko kumefika wapi.” Alisema bila kupandisha sauti. “Kumefika. Niandikie kwamba kumefika mwisho.”

“Dada, hatuwezi,” fundi akanong'ona. “Tukiweka tarehe ya mwisho, tumesema kitu ambacho hatukijui.”

“Ya tisini na tisa tulikuwa tunaijua?” nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, na ule ukali ulituelekea mimi na yeye pamoja na mradi mzima na mwenyekiti wa sungusungu na yule mwanaume mwenyewe huko aliko. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hakuna hata mmoja wetu katika chumba kile aliyekuwa na ng'ombe watatu.

Fundi akainuka kwenye kiti, akanipisha.

Nitangulize kusema, ili mtu asikae roho juu: ng'ombe wale walipona. Karatasi ilisomwa mkutanoni jioni ile ile, siku iliyoandikwa imefika na mwenyewe hakuonekana, wazee wakakubali kwamba hayupo tena, matanga yakakaliwa, ngitili ikafunguliwa. Jike alizaa. Bwana shamba aliniletea habari, na mwaka uliofuata nilipita huko nikawaona kwa macho yangu, wanang'aa. Mume hakuwa amerudi, na mpaka mimi naacha kazi pale hakuwa amerudi. Mambo mengine ya mradi ule sina haja ya kuyasema.

Nilikaa mbele ya skrini. Nikaifuta ile H. Kwenye HADI mshale ukawa unawakawaka, unangoja siku, mwezi na mwaka.

“Niandike tarehe ngapi, mama?”

“Ya leo.”

Nikaandika ya leo. Mashine haikulia. Ilikuwa tarehe kama tarehe nyingine, iko baada ya mwanzo wake, haina kasoro yoyote. Nikabonyeza, printa ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Nikaichana karatasi, nikamsomea kabla hajaniomba: jina la mume wake, jina la kijiji, imefungwa kuanzia siku ile, hadi siku hii. Akaichukua. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

“Imekwisha kuandikwa?”

“Imekwisha, mama.”

“Haifutiki tena?”

“Sitaifuta mimi.”

Akainuka kwenye kiti kwa uangalifu, akakisogeza ukutani kisimzibe mtu njia. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka chini. Kisha akakaa sakafuni, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake kama wanavyokaa wanawake msibani, akaweka mikono kichwani, akaachia ukunga. Ulitoka tumboni. Nimesikia vilio vingi kabla na baada, na kile bado nakisikia. Alimwita mume wake kwa jina, jina la kwao, tena na tena, akamuuliza kwa nini amemwachia watoto na majani. Fundi alisimama amekumbatia ile futi machozi yakimtiririka, hajui ayafiche wapi. Mimi nilikaa chini kando ya yule mama, nikamshika mgongo, nikalia na mimi, kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Milango ikafunguka korido nzima. Mkuu wetu akatoka kwenye kikao mbio, wageni wake nyuma yake, akasukuma mlango, akatukuta hivyo sakafuni.

“Kuna nini? Nani amefiwa?”

“Huyu mama,” nikasema. “Ni mume wake.”

Akavua kofia. Alikuwa mtu wa adabu zake, tumpe haki yake.

“Pole sana mama. Poleni.” Akainama kwangu, akapunguza sauti. “Amefariki lini?”

“Leo,” nikamwambia.